Ndege, treni au basi? Jinsi SGR ilivyobadilisha safari ya Dodoma na Dar es Salaam, na inavyomgusa msafiri wa Babati

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, swali moja limekuwa likirudi kwenye simu na ujumbe wa wasikilizaji wetu wa Singe, Bagara, Bonga na Magugu: je, treni hii itaua ndege? Wengine huuliza kwa namna inayowagusa zaidi: mimi niliye Babati, ambako hakuna reli wala ndege ya ratiba, inanihusu nini?

Makala haya yanajibu yote mawili. Tutaanza na namna ushindani wa ndege na treni unavyofanya kazi popote duniani, kisha tupite kwa jirani zetu Kenya, tuangalie Dar es Salaam na Dodoma, na mwisho tupige hesabu ya msafiri anayeanzia stendi ya Babati.

KWA UFUPI

- Treni ya abiria ya SGR ilianza Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024.
- Uzoefu wa dunia unaonyesha kwamba treni ikitumia chini ya saa tatu kati ya miji miwili, abiria wengi huiacha ndege. Ikizidi saa nne na nusu au tano, wengi hubaki na ndege.
- Safari ya Dar es Salaam na Dodoma inaangukia katikati ya mipaka hiyo, kwa hiyo ndege na treni zote zina nafasi.
- Aliyeguswa kwanza na SGR ni mwenye basi, kabla ya mwenye ndege.
- Kwa msafiri wa Babati, basi hadi Dodoma kisha treni hadi Dar es Salaam hugharimu karibu sawa na basi la daraja la kati moja kwa moja, na huokoa muda wa saa kadhaa.

TRENI YA MWENDO KASI NI IPI HASA?

Tuanze na jina. Kwa mtu wa Dar es Salaam, "mwendokasi" ni yale mabasi yanayopita kwenye njia zake za Kimara na Kivukoni. Kwa wataalamu wa reli, treni ya mwendo kasi ni ile inayokimbia kilomita 250 kwa saa au zaidi kwenye njia iliyojengwa mahususi, au kuanzia kilomita 200 kwa saa kwenye njia ya zamani iliyoboreshwa.

Kwa kipimo hicho, SGR yetu haijafika huko. Treni zake za abiria zimesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na za mizigo hadi 120. Ni treni ya haraka, ya umeme, ya kisasa, lakini haiko kundi moja na zile za Japani au Ufaransa. Katika Afrika, treni inayoingia kundi hilo ni Al Boraq ya Morocco, iliyoanza Novemba 2018 kati ya Tangier na Casablanca na kufikia kilomita 320 kwa saa kwenye sehemu ya njia yake.

Hata hivyo abiria hapandi treni kwa ajili ya jina lake. Anachotaka kujua ni atatoka nyumbani saa ngapi, atafika saa ngapi, na atalipa kiasi gani. Reli ya zamani ya kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 na mwendo wake ni wa pole. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Kutoka ile hadi hii, mabadiliko ni makubwa kiasi cha kumfanya hata mwenye ndege ageuze shingo.

SAFARI HUPIMWA MLANGO HADI MLANGO

Wengi hulinganisha muda wa ndege angani na muda wa treni relini. Ndege ya Dodoma hadi Dar es Salaam hukaa angani takriban saa moja. Treni ya haraka, ile yenye pua iliyochongoka ambayo watu wameipa jina la Mchongoko na iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, hutumia takriban saa tatu na nusu. Treni ya kawaida hutumia kama saa nne. Ukiishia hapo, ndege imeshinda kwa mbali.

Lakini safari haianzii mlangoni mwa ndege. Chukua mtu anayeishi katikati ya Dodoma na anakwenda katikati ya Dar es Salaam. Kwa ndege, anatumia kama dakika 20 kufika uwanjani, anatakiwa awepo saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, anaruka kwa saa moja, anasubiri begi kwa dakika 20, kisha anatoka uwanja wa Julius Nyerere, kilomita kama 12 kutoka mjini, na kukutana na foleni ya barabara ya Nyerere. Ikiwa foleni ina huruma, ni dakika 45. Jumla ni karibu saa tatu na nusu.

Kwa treni, anatumia nusu saa kufika stesheni, anakaguliwa na kusubiri kama saa moja, anasafiri kwa saa tatu na nusu, na anashukia Stesheni ya Magufuli, katikati ya jiji, karibu na Kariakoo na Posta. Jumla ni kama saa tano.

Kwa hiyo tofauti halisi ni saa moja na nusu, wakati kwenye ratiba ilionekana kuwa saa mbili na nusu. Na ndani ya treni msafiri anaweza kutumia simu na kompyuta muda mwingi wa safari, jambo ambalo kwenye ndege ya saa moja hukatizwa mara kwa mara. Mtumishi anayekwenda kikaoni hulipima hilo. Mama anayempeleka mtoto kliniki naye hulipima, kwa namna yake.

KANUNI YA SAA TATU

Wanaochunguza usafiri hutumia kanuni rahisi, na hapa tunasema muda wa saa tatu, si saa tatu asubuhi. Treni ikiunganisha miji miwili kwa chini ya saa tatu, hunyakua sehemu kubwa ya abiria wa ndege. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu, wanagawana, na anayeamua ni nauli, idadi ya safari kwa siku na kuaminika kwa ratiba. Zaidi ya hapo, mwenye haraka hurudi kwenye ndege.

Mifano ya dunia inaikubali kanuni hiyo.

Japani ilifungua Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964. Mwanzoni safari ya kilomita 515 ilichukua saa nne, na mwaka uliofuata ikashuka hadi saa tatu na dakika kumi. Leo ni kama saa mbili na nusu, na wasafiri wengi wa njia hiyo ni wa treni. Lakini ukitoka Tokyo kwenda Fukuoka, safari ya treni ya karibu saa tano, wengi hupanda ndege. Nchi ni ileile na treni ni zilezile. Kilichobadilika ni umbali tu.

Ufaransa ilifungua njia ya Paris na Lyon mwaka 1981, na kufikia 1983 safari ikawa ya saa mbili. Umbali wa miji hiyo haupishani sana na wa Dar es Salaam na Dodoma. Ndege za njia hiyo zilipoteza wateja hadi zikabaki zaidi na kazi ya kuunganisha abiria wa safari za mbali.

Taiwan ndiyo mfano mkali kuliko yote. Treni ya kasi ilianza mwaka 2007 kati ya Taipei na Kaohsiung, safari ya kama saa moja na nusu. Kufikia mwaka 2012 ndege za kati ya miji hiyo miwili zilikuwa zimekoma kabisa.

Hispania ina somo la nauli. Kati ya Madrid na Barcelona kulikuwa na ndege za kupishana ambazo shirika la Iberia lilizianzisha mwaka 1974, abiria akifika na kupanda ijayo bila kuweka nafasi mapema. Ilikuwa mojawapo ya njia zenye ndege nyingi zaidi duniani. Treni ya kasi ilipofika Barcelona Februari 2008, ikitumia saa mbili na nusu kwa kilomita 621, ndege zilianza kupoteza wateja. Kisha kuanzia mwaka 2021 serikali iliruhusu kampuni nyingine kuendesha treni kwenye reli hiyohiyo, nauli zikashuka, na abiria wakaongezeka tena. Kwa hiyo kasi iliwatoa watu kwenye ndege, na nauli ya chini ikawaleta hata waliokuwa hawasafiri.

Ufaransa imekwenda hatua moja mbele kwa sheria. Tangu Mei 2023, ndege za ndani zimezuiwa pale ambapo kuna treni inayofika kwa chini ya saa mbili na nusu. Njia zilizoguswa ni chache, kutoka uwanja wa Orly wa Paris kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon. Sababu iliyotolewa ni kupunguza moshi unaochafua hewa, kwa kuwa ndege hutumia mafuta mengi sana wakati wa kupaa, na safari fupi karibu yote ni kupaa na kushuka.

JIRANI ZETU KENYA

Somo la karibu zaidi liko Mombasa na Nairobi. Treni ya Madaraka Express ilianza tarehe 31 Mei 2017 na hutumia kama saa tano. Hii ni treni ya dizeli, inayokwenda hadi kilomita 120 kwa saa, na umbali wake ni kilomita 472.

Kwa kanuni tuliyoitaja, saa tano ni nyingi mno kuiua ndege, na ndivyo ilivyokuwa. Ndege kati ya Nairobi na Mombasa hutumia chini ya saa moja, na mashirika kama Kenya Airways na Jambojet, kampuni yake ya nauli nafuu iliyoanza mwaka 2014, yameendelea kuruka. Anayetaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo bado ni mteja wa ndege.

Aliyetikisika ni mwenye basi. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 700 za Kenya za kuvutia wateja, ikapanda hadi 1,000, na kuanzia Januari 2024 ikawa 1,500. Kwa bei hiyo, familia nyingi zilizokuwa zikisafiri usiku kucha barabarani zilihamia relini. Wakati wa sikukuu tiketi za treni huisha mapema, na hapo ndipo mabasi na ndege hupata nafuu.

Kenya inatufundisha pia kuhusu mahali pa stesheni. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote nje ya mji, kwa hiyo abiria huongeza muda na nauli kabla na baada ya treni. Dar es Salaam imeepuka tatizo hilo kwa kuweka stesheni katikati ya jiji.

DAR ES SALAAM NA DODOMA: NANI ANASHINDANA NA NANI?

Dodoma ya leo ina wasafiri wa aina yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanyika mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kasi baada ya tangazo la Rais John Magufuli mwaka 2016. Tangu hapo mawaziri, wabunge, watumishi, mawakili, wazabuni na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanapanda na kushuka kati ya miji hiyo kila wiki. Air Tanzania na Precision Air zilijenga soko zuri hapo, kwa sababu njia mbadala ilikuwa ni kukaa kwenye basi kwa muda wa saa nane au zaidi.

Treni ikaingia na nauli ya shilingi 31,000 kwa mtu mzima daraja la kawaida, iliyopangwa na LATRA, na shilingi 40,000 kwa treni ya haraka. Morogoro ikawa shilingi 13,000. Kabla mwaka 2024 haujaisha, idadi ya abiria ilishavuka milioni moja.

Sasa tazama namna nauli hizo zilivyopangwa. Kwa viwango vya mabasi vilivyotangazwa na LATRA Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati ni shilingi 67.84. Kwa kilomita 450 hivi za Dodoma hadi Dar es Salaam, basi la kawaida linakuja kama shilingi 21,800 na la kati kama shilingi 30,500. Maana yake nauli ya treni iliwekwa bega kwa bega na basi la daraja la kati. Aliyekuwa akilipia basi lenye kiyoyozi na viti vipana anapata treni kwa bei hiyohiyo na kwa nusu ya muda. Ni vigumu kwa mwenye basi kumjibu.

Mwenye basi ana silaha zake bado. Analaza na kuamsha magari kila mtaa, anachukua abiria njiani Gairo, Dumila au Chalinze, anabeba gunia na kuku, na tiketi yake hupatikana dakika ya mwisho. Lakini mabasi ya mikoani huishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka hapo hadi Kariakoo kuna safari nyingine. Treni inakufikisha katikati.

Mwenye ndege naye ana mteja ambaye treni haimpati kwa urahisi. Ni yule anayeunganisha: anashuka kutoka Mwanza, Zanzibar au nje ya nchi na anataka kufika Dodoma bila kuburuta begi hadi mjini. Wa pili ni yule ambaye ofisi inamlipia na kikao chake ni saa nne asubuhi. Wa tatu ni yule ambaye treni ya siku hiyo imejaa.

Tena nauli ya ndege haina bei moja. Shirika hupandisha na kushusha bei kulingana na viti vilivyobaki na siku zilizobaki. Ukikata wiki tatu kabla, unaweza kulipa bei ya kuvutia. Ukikata jana yake, utalipa mara mbili au zaidi kwa kiti kilekile. Treni, kwa kuwa nauli yake hupangwa na mdhibiti, haiwezi kufanya hivyo. Hilo linamsaidia mtu wa kawaida, ingawa wakati wa sikukuu matokeo yake ni tiketi kuisha.

Kuna jambo la Msalato pia. Uwanja wa ndege wa sasa wa Dodoma uko ndani ya mji, na ni moja ya faida kubwa za ndege kwa mwenyeji wa Dodoma. Uwanja mpya wa kimataifa wa Msalato, unaojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uko nje ya mji kwenye barabara ya kuja huku kwetu. Utapokea ndege kubwa zaidi, lakini mkazi wa katikati ya Dodoma ataongeza dakika za barabarani. Kwa msafiri wa Kondoa na Babati ni kinyume chake: basi litampitisha hapo kabla hajaingia mjini.

MFUKO MMOJA, WATOTO WAWILI

Hapa kuna suala ambalo mlipa kodi hatakiwi kulipita. Shirika la Reli Tanzania, TRC, ni la serikali. Air Tanzania nayo ni ya serikali, na ndege zake zimenunuliwa kwa fedha za umma tangu ufufuaji ulipoanza mwaka 2016. Abiria akihama kutoka ndege ya ATCL kwenda treni ya TRC, mfuko ni uleule.

Na mfuko huo haujajaa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha ATCL ikipata hasara ya shilingi bilioni 91.8, na TRC shilingi bilioni 224. Mwaka huo uliishia Juni 2024, wiki chache kabla ya treni kufika Dodoma, kwa hiyo hasara hizo hazikutokana na ushindani huu. Zinatuonyesha hali waliyoanzia wote wawili.

Kwa sababu hiyo, swali la busara si nani amshinde nani. Ni nani afanye kazi ipi. Ndege inayoruka kilomita 450 huku treni ya nusu saa iliyopita imebeba abiria hao hao, ingeweza kupelekwa kwenye njia ambayo haina treni: Songea, Bukoba, au hata Mtwara. Nchi za wenzetu zimefika huko. Shirika la Air France liliacha kuruka kati ya Paris na Brussels mwaka 2001, likawaweka abiria wake kwenye treni kwa tiketi yao ya ndege. Uwanja wa Frankfurt una stesheni ya treni za mbali pale pale uwanjani.

Kwetu, stesheni ya SGR ya Pugu iko upande uleule wa jiji ulipo uwanja wa Julius Nyerere. Basi maalumu kati ya sehemu hizo mbili, na tiketi moja ya treni na ndege, vingemwezesha abiria wa Morogoro au Dodoma kuunganisha na ndege ya nje bila kuingia katikati ya jiji. Hilo halihitaji reli mpya. Linahitaji mashirika mawili ya serikali yakae meza moja.

MTIHANI MKUBWA NI MWANZA

Dodoma ni umbali unaoipendelea treni. Mwanza ni habari nyingine. Njia ya Dar es Salaam hadi Mwanza, ambayo ujenzi wake umegawanywa vipande vya Makutupora, Tabora, Isaka na Mwanza, ina urefu wa kilomita 1,219. Kwa mwendo wa wastani tunaouona leo kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari nzima itakuwa ya saa tisa na nusu hadi kumi. Ndege hutumia kama saa moja na nusu.

Kwa kanuni ya saa tatu, ndege za Mwanza hazina sababu ya kuogopa kwa upande wa mtu mwenye haraka. Ila treni ya usiku inaweza kubadilisha hesabu. Abiria anayelala Dar es Salaam na kuamka Mwanza hapotezi siku ya kazi wala halipi gesti. Na kwa abiria wa basi anayekaa kitini mchana na usiku, treni itakuwa neema.

Umeme nao ni sehemu ya mtihani. Ndege haisimami kwa sababu gridi imezimika, lakini treni ya umeme husimama. Kuanza kwa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kumeongeza umeme nchini, lakini njia ya kuusafirisha lazima iwe imara kila siku. Abiria akikwama porini mara mbili, mara ya tatu anarudi kwenye ndege au basi. Kasi huleta mteja mara ya kwanza, lakini kinachomrudisha ni uaminifu wa ratiba.

MSAFIRI WA BABATI AFANYEJE?

Barabara ya lami ya Dodoma, Kondoa hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Kabla ya hapo, mtu wa Manyara aliyekwenda Dar es Salaam aliona kawaida kuzunguka Arusha, Moshi na Korogwe, njia inayokaribia kilomita 800. Kwa Dodoma ni kilomita 700 hivi. SGR imeipa barabara hiyo thamani mpya, kwa sababu stesheni iliyo karibu nasi sasa iko umbali wa saa nne kwa basi.

Hesabu kwa viwango vya LATRA tulivyovitaja ni hii:

- Basi moja kwa moja kupitia Dodoma, daraja la kawaida: kama shilingi 34,000. Muda: siku nzima, saa 12 au zaidi.
- Basi moja kwa moja, daraja la kati: kama shilingi 47,500. Muda ni uleule.
- Basi la kawaida hadi Dodoma (kama shilingi 12,200), kisha treni ya kawaida (shilingi 31,000): jumla kama shilingi 43,200, ukiongeza bodaboda au bajaji mjini Dodoma. Muda: saa 9 hadi 10 pamoja na kusubiri.
- Basi la daraja la kati hadi Dodoma (kama shilingi 17,000), kisha treni: jumla kama shilingi 48,000.

Yaani anayetumia basi la kawaida ataongeza kama shilingi 9,000 ili kuokoa saa mbili au tatu na uchovu mwingi. Anayetumia basi la daraja la kati haongezi karibu chochote. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa Muhimbili, au mzee asiyeweza kukaa kitini siku nzima, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye shilingi. Kwa mfanyabiashara mwenye magunia ya maharage au vitunguu saumu, basi bado ndilo chaguo, kwa kuwa treni ina masharti ya ukubwa na uzito wa mzigo.

Na ndege? Kutoka Babati, iliyo karibu ni ya Dodoma au ya uwanja wa Arusha pale Kisongo, ambao basi letu linaupita kabla ya kuingia mjini, kilomita kama 160 kutoka hapa. Kwa KIA unaongeza safari ya kuvuka jiji zima la Arusha. Ukihesabu muda wa basi, kusubiri na foleni ya Dar es Salaam, ndege kupitia Kisongo itakugharimu saa saba hivi. Inaishinda treni kwa saa mbili au tatu, na nauli yake itategemea umekata tiketi lini.

Mambo manne ya kuzingatia kabla ya kuondoka:

1. Kata tiketi ya treni kabla ya kupanda basi, hasa Ijumaa, Jumapili na wakati wa sikukuu. Kufika Dodoma bila tiketi ni kujitafutia gesti.
2. Acha nafasi ya kutosha kati ya basi na treni. Mabasi huishia stendi kuu ya Nane Nane, upande wa barabara ya Dar es Salaam, na lango la treni hufungwa kabla ya muda wa kuondoka. Saa mbili za akiba si nyingi.
3. Beba kitambulisho, na hakikisha jina la kwenye tiketi ni lako.
4. Uliza nauli ya siku hiyo. Viwango hubadilishwa na mdhibiti, na hesabu ya makala haya ni ya kukupa picha.

JE, RELI ITAFIKA MANYARA?

Serikali ina mpango wa muda mrefu wa reli ya kisasa ya Tanga, Arusha hadi Musoma, wenye matawi ya kwenda Engaruka na Minjingu. Minjingu iko ndani ya Wilaya ya Babati, na sababu ya tawi hilo ni mbolea ya fosfeti inayochimbwa hapo. Kwa hiyo reli ikija kwetu, itakuja kwanza kwa ajili ya mzigo. Lakini reli ya upana uleule inaweza kubeba abiria, kama wakazi wake watauliza mapema stesheni itakuwa wapi na treni ya abiria itasimama mara ngapi kwa siku. Stesheni ikishajengwa mahali pasipofaa, kama walivyoona majirani zetu, haihamishwi.

Hadi siku hiyo, reli yetu ni ya Dodoma, na barabara ya Kondoa ndiyo daraja la kuifikia.